Muziki wa Anga kwa Mzee Mikunjo

Dobi wa mtaa huu jina lake halisi limebaki kwenye kitambulisho. Watu humwita Mzee Mikunjo, na sababu zao hazifanani. Wengine husema ni kwa vile anachukia mikunjo kuliko anavyochukia dhambi. Wengine husema mikunjo yote aliyoiondoa kwenye nguo za watu ilikosa pa kwenda, ikahamia usoni kwake. Mwenyewe hajali. Mpe shati, mpe pasi yenye moto wa kutosha, umwache.

Ana chumba kimoja chenye mlango wa mbao wa kukunja, meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka nyeupe juu yake, kamba za kutundikia, na nyuma kidogo pembe ya jiko anapopikia wanga. Wanga wake haununui dukani. Anachukua unga wa muhogo, anaukorogea kwenye maji ya moto, anakoroga bila kupumzika mpaka uwe uji mwepesi usio na hata punje. Ndio unaosimamisha kola za mtaa mzima. Neno hilo, wanga, tulishike vizuri, maana ndilo lililokuja kututoa jasho.

Jambo la pili la kumjua dobi huyu ni kwamba hasikilizi. Kusikia anasikia, masikio yake ni mazima. Ila alijifunza kazi zamani, kabla ya chupa za kupulizia, wakati dobi alipiga funda la maji akalipulizia shati ukungu kutoka mdomoni. Sasa mtu ukimsemesha naye mdomo umejaa maji, atakujibu nini? "Mmh." Akishapuliza, "Nimesikia." Baadaye wateja walilalamika kwamba mashati yao si bustani ya kumwagiliwa, akanunua chupa. Maji yakatoka mdomoni, lakini "mmh" na "nimesikia" zikabaki humo humo, zikazeeka naye.

Mkewe alipokuwa hai hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa masikio ya nyumba. Alipofariki, binti yao wa pekee alibaki na baba mwenye mdomo wa maji. Siku moja, akiwa bado msichana wa shule, alisimama pembeni ya meza ya pasi akasema, "Baba, nyumba inaungua."

"Nimesikia, mama."

"Na mimi nimo ndani."

"Vizuri. Usichelewe kula."

Alipokuwa mkubwa alikuja kumwambia kwamba ameacha masomo ya uhasibu na anapiga kinanda kwenye bendi. "Nimesikia," akasema baba. Mwaka ukapita, na siku moja akamwuliza kwa furaha kabisa, mitihani ya uhasibu imekwendaje? Binti alicheka pale mbele yake. Kulia, alikwenda kulilia kwake.

Basi wiki hiyo tunayoisimulia, binti akaja dukani na flashi mkononi. Bendi yao imetoa albamu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama." Akaitazama flashi, akaambiwa ni albamu yao. "Muziki gani huo?"

"Wa anga, baba. Muziki wa kule juu. Unakuwa kama unaelea kati ya nyota, huna haraka, huna safari."

"Mmh."

"Baba."

"Nimesikia."

Binti akainama akachomoa waya wa pasi ukutani. Hakuna mtu aliyewahi kuchomoa pasi ya Mzee Mikunjo. Mzee akainua uso.

"Jumapili nitakuja," binti akasema. "Nataka uwe umeisikiliza yote, mwanzo mpaka mwisho. Kuipenda si lazima. Ukitaka itukane. Lakini ukiniambia 'nimesikia', baba, mimi sitagombana na wewe. Nitakuwa nakuja kukuamkia, habari za kazi, nzuri, nawe umeshindaje, salama. Yangu ya moyoni sitakuletea tena. Nimechoka kuyaleta."

Hakusema kwa hasira, na hapo ndipo palipomtisha mzee. Angefoka, mzee angemfokea, mambo yakaisha. Lakini alisema kwa utulivu, mithili ya mtu anayetoa taarifa ya kuhama nyumba, akambusu paji la uso akaondoka. Mzee akabaki ameshika pasi inayopoa. Duniani ana mtoto mmoja tu.

Kesho yake asubuhi aliichomeka flashi kwenye redio yake ndogo, akawasha pasi, akaanza shati la kwanza. Redio ikatoa mvumo. Mzee akadhani ni friji ya jirani. Akatoka nje kutazama nguzo ya umeme, akarudi, akagundua mvumo unatoka redioni kwake. Akapiga pasi kola, mvumo. Akapiga pasi mgongo, mvumo. Halafu kwa mbali ukaja mluzi kama wa birika ambalo mwenye nalo amelisahau jikoni akahama. Gitaa likalia mara moja, likaondoka. Ngoma zikaingia zikiwa zimechelewa, bila aibu yoyote, kama mafundi waliokwisha kulipwa. Sauti ya mwanamume ikaanza kuhesabu kurudi nyuma, kumi, tisa, nane, ikafika moja, na hakuna kilichotokea. Mzee alimaliza mashati mawili na suruali akingoja wimbo uanze. Ilimchukua muda kuelewa kwamba wimbo ndio ule.

Hapo ndipo alipoingia kinyozi wa mlango wa pili, mashine mkononi ikinguruma. Kinyozi huyu mashine yake ni ya betri, haizimi, anatembea nayo hata chooni. Waswahili husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Naye kwa kuwa nywele za mtaa mzima huishia sakafuni kwake, anaamini na akili za mtaa mzima ziko mikononi mwake.

"Mzee, nini hiki? Mteja wangu ameruka kitini, nimemtoboa sikio!"

"Muziki."

"Muziki gani unalia hivi?"

"Wa anga."

Sasa hebu sema "wa anga" harakaharaka, huku mashine ya kunyolea inakungurumia sikioni. Kinyozi alisikia wanga. Na wanga, kwa mtu asiye dobi, si uji wa muhogo. Ni wale watu wanaotoka uchi usiku kwenda kuwakalia wenzao vifuani.

"Wanga?" akauliza, sauti imemshuka.

Mzee alikuwa ameshageukia shati lake. Alisikia neno la kazi yake, akajibu jibu la kazi yake. "Wanga, ndiyo. Kwani vipi?"

"Unao?"

"Ninao. Dobi gani hana?"

"Wapi?"

"Jikoni hapo nyuma, kwenye sufuria. Napika mwenyewe kila asubuhi."

Kinyozi akatazama kule nyuma, akaona mvuke unafuka. Redio nayo, kwa bahati mbaya, ikafika mahali ambapo wanawake wengi huvuta pumzi kwa pamoja.

"Na unatumia kwetu? Sisi majirani zako?"

"Wewe miaka yote unavaa nini? Kola zote za mtaa huu ni mimi. Mwenyekiti namwekea mpaka mikononi, anapenda kukaza. Mkeo tu ndiye aliyekataa, anasema akivaa anawashwa."

"Anawashwa," kinyozi akarudia, akajikuna shingo. Kisha akauliza swali la mwisho. "Mzee, niambie ukweli. Ni wengi?"

Hapo mtu anayesikiliza angeshtuka. Wanga wa sufuriani huwa mwingi, hauwi wengi. Herufi mbili tu zingewaokoa wote wawili. Lakini mzee alikuwa amefika kwenye vifungo, na vifungo vinataka utulivu.

"Mmh," akajibu.

Kinyozi akatoka akitembea kinyumenyume, mashine ameielekeza mbele ya uso wake kujikinga.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na kwa kinyozi huwa halichelewi. Kabla ya adhuhuri wateja walianza kuja kuchukua nguo zao, zilizokauka na zisizokauka. Walizivuta kambani wenyewe kwa ncha za vidole. Mwalimu mmoja aliichukua suruali yake ikiwa inachuruzika, akaivaa pale pale barabarani isije ikapata nafasi ya kurogwa njiani. Mzee aliwauliza kuna nini. Wakajibu hakuna neno, shikamoo, ahsante kwa yote, kwaheri. Kamba zikabaki tupu, na albamu ikazimwa katikati ya wimbo wa pili ili mzee atoke mlangoni kuwatazama watu wakikimbia na nguo zao.

Lakini dunia hii, ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kesho yake walikuja wengine, wale wasiokuwa wateja wake. Walikuja wakipishana na kutazama nyuma. Wa kwanza alikuwa karani wa ofisi moja, mtu mpole aliyenyimwa cheo mpaka akazoea. Aliweka shati mezani, akanong'ona.

"Mzee, niwekee wanga. Wale wakali."

"Wa kukaza?"

"Wa kukaza kabisa. Wenye nguvu. Nina shida na bosi wangu."

"Nimesikia," mzee akasema, akauongeza unga wa muhogo sufuriani mara mbili.

Shati lile lilipokauka lilisimama mezani lenyewe. Karani alilivaa akashindwa kuinama, akashindwa kugeuza shingo, akashindwa hata kukunja mikono. Akaingia ofisini kwa bosi kifua mbele, kidevu juu, hasalimii upande wowote. Bosi aliyezoea kumwona amejikunyata alidhani karani ametumwa na wakubwa kuja kumfukuza kazi. Akasimama, akampisha kiti, na kabla ya saa ya kutoka karani alikuwa na cheo.

Baada ya hapo, foleni. Golikipa alileta glavu. Mwanamke mmoja alileta kitambaa cha meza kwa ajili ya mawifi zake. Bwana mwingine alileta soksi, akakataa kusema ni kwa nini. Wote walitaka muziki ule uwekwe wakati nguo zao zinapigwa pasi, maana waliambiwa bila muziki wanga hawashiki. Mzee akaweka. Redio ilivuma, watu wakaongea juu yake, wakasukumana, wakagombea nafasi, na yeye akapiga pasi kichwa chini. Albamu ililia siku nzima chumbani mwake. Angeulizwa imesemaje, asingejua. Na kila jua lilipozama alikumbuka Jumapili.

Jumamosi mwenyekiti wa mtaa akaitisha kikao. Mwenyekiti ni mwalimu mstaafu wa lugha, mtu wa kola ngumu, anayekosoa hata matangazo ya vifo yaliyobandikwa ukutani. Viti vya plastiki vikapangwa barabarani mbele ya duka la dobi. Kinyozi akaleta sabufa yake ili ushahidi usikike vizuri. Flashi ikachomekwa, mvumo ukaanza, safari hii viti vikatetemeka.

"Mzee," mwenyekiti akaanza, "tunakuheshimu. Tujibu bila kutuficha. Muziki huu ni wa nani?"

"Wa binti yangu."

Watu wakatazamana. Kumbe ni ukoo mzima.

"Na hao wanga?"

"Wangu."

Mtu mmoja wa nyuma akanyanyuka na kiti chake, akasogea mbali kidogo, akakaa tena. Hakutaka kukosa.

"Tunaomba tuwaone," mwenyekiti akasema.

Mzee akaingia ndani akatoka na sufuria, akaiweka mezani, akafunua. Hakuna aliyesogea. Kinyozi akachungulia kwa jicho moja.

"Wamelala?" akauliza.

"Umepoa," mzee akajibu.

Mwenyekiti akainua kidole. Miaka yote aliyofundisha ilimrudia kwa mpigo. "Subiri. Umepoa, au wamepoa?"

"Umepoa, mwenyekiti. Uji unapoaje kwa wingi?"

"Wanga *huu*," mwenyekiti akasema polepole. "Si wanga *hawa*."

"Wanga huu. Wa muhogo. Kola yako hiyo umeivaa."

Mwenyekiti akashika kola yake. Akamgeukia kinyozi, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema neno ambalo walimu wa lugha hulitumia mara chache sana, na halipo kwenye kamusi ya shule. Kinyozi akajitetea kwamba mashine ilikuwa inanguruma. Karani mwenye cheo kipya, aliyekuwa ameketi wima kama alivyo tangu siku ile, akasema kwamba yeye binafsi harudishi kitu.

Kikao kilikuwa kimekwisha. Ilibidi watu wainuke waende zao. Hawakuinuka. Sabufa ilikuwa bado inavuma, na wakati wakigombana wimbo wa tatu ulikuwa umeingia, ule wenye maji yanayodondoka, na mtu mmoja akasema jamani, hebu tulieni kidogo. Wakatulia. Wimbo wa nne ukaja, mama mmoja akavua viatu. Kinyozi akazima mashine yake. Wanaomfahamu wanasema hiyo ndiyo siku waliyojua kumbe ina swichi. Mwenyekiti alisinzia mdomo wazi, akaamka machozi yanamtoka, akasema ameiona nyumba aliyozaliwa, ameiona kwa juu, na paa lake limetengenezwa. Albamu ilipokwisha walikuwa bado vitini. Halafu kila mmoja akataka nakala.

Na Mzee Mikunjo alikuwa wapi? Ndani. Wale waliopora nguo zao mbichi walikuwa wanazirudisha kwa aibu kupitia mlango wa nyuma, na yeye alizipokea, akazitenga nyeupe na za rangi, akakoroga wanga mpya. Mtaa mzima ukamsikiliza binti yake tangu mwanzo hadi mwisho. Kasoro yeye.

Jioni hiyo kinyozi alikuja kurudisha flashi na kuomba radhi, mzee akamweleza shida yake ya Jumapili, na kama kawaida ya kinyozi radhi ilikuja na ushauri.

"Hukuisikiliza? Usijali. Mimi nakupa cha kusema. Kesho akikuuliza, mwambie: wa nne ndio wenyewe. Kisha mwambie ule wa sita, pale kinanda kinaponyamaza, ukimya ule umekutuliza kichwa. Mimi nilikuwa na kipandauso, kimekwisha pale pale. Sema hayo mawili tu, mtoto atakukumbatia."

"Wa nne ndio wenyewe," mzee akarudia. "Ukimya wa sita umenituliza kichwa."

"Mbona umeshaiva!"

Alilala nayo, akaamka nayo. Jumapili asubuhi aliyaambia mashati kambani: wa nne ndio wenyewe. Yakapokea vizuri. Akaweka mezani shati jeupe la mwenyekiti, akaanza kola, na katika kola hiyo haya ikamshika. Ilimshika kweli, masikio yakawa ya moto. Akilini alimwona binti yake mlangoni akisikia maneno ya kinyozi yakitoka kinywani mwa baba yake. Atayatambua. Njiani kote atakuwa ameshaambiwa hayo hayo na watu kumi. Na hata asipoyatambua, mzee mwenyewe atajua. Mkewe angekuwa hai angemtazama tu, basi.

Akafunga mlango wa kukunja. Akaisogeza redio karibu na chupa ya maji, akaanzisha upya. Kukaa bure mikono haikuweza, kwa hiyo aliendelea na shati lile la mwenyekiti, polepole.

Mvumo ukaja, akauacha uvume. Birika likapiga mluzi. Ngoma zikachelewa, akazitukana kimoyomoyo. Halafu, nyuma kabisa ya vurugu ile, akakisikia kinanda. Alishangaa kwamba kilikuwapo tangu mwanzo. Kilikuwa kinabonyezwa mara mbili, kinasubiri, kisha mara moja, na mzee akatabasamu peke yake, kwa sababu mtoto yule hugonga mlango hivyo hivyo tangu ana meno ya maziwa. Kuanzia hapo hakusikiliza kingine. Gitaa lilipiga kelele zake, yeye hakulijali. Aliandamana na kinanda kama mtu anavyomwandama mtoto sokoni, anaona kichwa tu katikati ya watu, kinapotea, kinatokea. Wimbo wa tatu alikuwapo. Wa nne alikuwapo, anacheka kabisa. Wa tano alijificha chini ya ngoma, lakini alikuwapo. Mzee alitembeza pasi kwa mapigo yake.

Wa sita ulianza vizuri. Mara mbili, akasubiri, mara moja. Mara mbili, akasubiri.

Akasubiri.

Ngoma ziliendelea. Gitaa liliendelea. Mtu yule wa kuhesabu akaanza kuhesabu. Kinanda hakipo. Mzee akainamisha sikio redioni. Atarudi, akajiambia. Hakurudi.  Alisimama vile vile, mkono mmoja mezani, akingoja mwanawe atokee katika nyota zile, na mioyo ya wenzake ilikuwa ya mawe, wanapiga tu ngoma, hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtafuta. "Jamani," mzee akasema kwa sauti, chumbani peke yake, "mtoto yuko wapi?"

Moshi ndio uliomrudisha. Akaiinua pasi. Mgongoni mwa shati la mwenyekiti palikuwa na alama ya pasi nzima, ya kahawia, ncha na kitako, imekamilika. Tangu ashike pasi duniani hajawahi kuunguza nguo ya mtu. Aliitazama ile alama, na hapo nyuma, mwishoni kabisa mwa wimbo, kinanda kikabonyezwa mara moja, kwa woga. Akakaa chini ya meza yake, juu ya furushi la nguo chafu, akasikiliza wimbo wa mwisho wote akiwa pale chini.

Binti alikuja kama alivyosema. Alichelewa kufika mlangoni kwa sababu mtaa ulimshika. Mwenyekiti alimsimulia paa. Karani alimpa mkono bila kuukunja. Kinyozi alimsifia ukimya wa wimbo wa sita, akamwita msanii wa kimya. Alipoufungua mlango wa kukunja alikuwa anacheka bado. Kisha akanusa.

"Shikamoo, baba. Kuna kitu kimeungua?"

"Marahaba, mama."

Kicheko kikamwisha. Alisimama pembeni ya meza, pale pale alipokuwa akisimama utotoni. "Umesikiliza?"

Mzee akafungua mdomo. Maneno yote mawili ya kinyozi yalikuwa tayari ulimini, na nyuma yake lile la siku zote.

"Kwenye ule wa sita," akasema, "ulikwenda wapi?"

"Nilikwenda wapi vipi?"

"Ulikuwapo, halafu hukuwapo. Mimi nilikuwa nakuja nyuma yako tangu mwanzo, nakuona. Nikasema atarudi. Hukurudi. Wale wenzako wapumbavu wanaendelea na ngoma zao. Nikasema labda ameanguka. Nikasema labda anaumwa, na mimi niko hapa napiga pasi."

 Binti akavuta furushi, akakaa.

"Nilipotea, baba," akasema. "Sikufanya makusudi. Siku ile tunarekodi nilikuwa na jambo langu, nikajikuta sijui niko wapi ndani ya wimbo, mikono imeganda. Nilitaka kusema tusimame, tuanze upya, nikaona aibu. Wenzangu wakadhani nimebuni. Aliyeturekodi akanipongeza. Watu wote wanasifu pale. Huyu kinyozi wako amenisifu sasa hivi. Hakuna aliyejua kwamba nimepotea."

"Mimi niliogopa," mzee akasema.

Akageuka, akalitandaza shati jeupe mezani, mgongo juu, akaweka kidole kwenye alama ya kahawia.

"Hapa ndipo ulipopotea."

Binti aliitazama alama ile. Midomo ikamcheza, mzee asijue ni kicheko au kilio, na yeye binti pengine hakujua pia.

"Jambo gani?" mzee akauliza.

"Jambo gani nini, baba?"

"Umesema siku ile ulikuwa na jambo lako."

Redio ilikuwa imenyamaza. Nje, mtu aligonga mlango akiulizia suruali yake, akagonga tena, akaondoka. Binti akajifuta pua kwa kiganja, akaanza kusimulia, na alipokuwa anasimulia alikuwa akisita kila baada ya maneno machache, akimtazama baba yake usoni, akiona bado yupo, akiendelea.